Kanda Haisemi Bila Fundi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo imewatosha Waswahili katika biashara na mirathi, lakini katika ushairi daftari peke yake halijapata kutosha. Shairi la pwani hutungwa lighaniwe. Mizani yake huhesabika, vina vyake huandikika, na mpaka baina ya ukwapi na utao huweza kutiwa alama na mpiga chapa yeyote. Mahadhi hayaandikiki hivyo. Namna mghani anavyoivuta silabi ya mwisho, anavyopumua kabla ya kituo, anavyoishusha sauti penye msiba, hayo hukaa kooni mwa mtu, na mtu akifa huzikwa nayo, isipokuwa kama palikuwa na mwanafunzi aliyeyapokea au chombo kilichoyanasa.

Mfano mmoja watosha. Baada ya vita vya 1888 na 1889, ambamo Wajerumani walizitwaa bandari za Mrima, Bagamoyo ikiwamo, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kazi hiyo ingali ikisomwa, na wanahistoria huirejea kama ushahidi wa mtu aliyeishi katika zama zile. Lakini ukurasa hauwezi kumwambia msomaji utenzi huo ulisikikaje kinywani mwa mwenyewe. J.W.T. Allen, aliyeutoa kwa chapa na ambaye baadaye alikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilijua pengo hilo. Orodha ya mkusanyo huo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, ilibeba katika jina lake lenyewe vitu viwili: miswada na kanda. Karatasi na utepe viliorodheshwa pamoja, kama mashahidi wawili ambao kila mmoja ameona upande wake wa tukio.

Redio nayo ilikuwa hazina ya namna hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa miaka mingi ndipo palipokuwa mahali pakuu pa kurekodia nchini, na muziki wa dansi, taarabu, ngoma, hotuba na mashairi viliingia humo vikatoka vikiwa rili za utepe. Kipindi cha Malenga Wetu kiliwafanya watu wa bara na wa pwani wawajue watunzi kwa sauti zao kabla ya kuzijua sura zao. Rili hizo zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lililoundwa mwaka 2007. Mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza kuchangisha fedha ili zihamishiwe katika mfumo wa dijitali, na filamu ya Wahenga ya mwaka 2018 ikaieleza habari hiyo kwa watu wengi zaidi. Hizo ni kanda zenye mwenyewe na zenye rafu. Ziko nyingine, ndani ya masanduku na juu ya makabati ya nyumba za Mrima, zisizo na rafu wala orodha: harusi, maulidi, ngoma, utenzi ulioghaniwa barazani usiku mmoja na mtu ambaye hakuwa na jina nje ya mtaa wake.

Watu wengi hudhani kwamba kanda ikishatunzwa, sauti imetunzwa. Sivyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirudi na sauti iliyochongwa katika santuri, na santuri ni chombo chenye huruma: mifereji yake huonekana kwa jicho, na hata sindano iliyochomekwa kwenye pembe ya karatasi huweza kuitoa mnong'ono. Utepe wa sumaku hauna huruma hiyo. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma uliochanganywa na gundi. Kichwa cha mashine huupanga unga ule kwa sumaku kadiri sauti inavyopanda na kushuka, na mpango huo hauonekani wala haupapasiki. Mwenye kanda asiye na mashine ana mkononi mwake ukanda wa rangi ya kahawia, basi. Na mashine ni chuma, mpira, shaba na mafuta. Vitu vinne ambavyo bahari havipendi hata kimoja.

Ndiyo maana habari ya kanda, hasa kwa watu wa pwani, ni habari ya fundi.

Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ni mji unaostahili kuwa na fundi wa namna hiyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, nacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake la sanaa lilianza mwaka 1982. Hukwe Zawose, aliyeifikisha zeze na ilimba ya Wagogo katika majukwaa ya Ulaya, aliishi katika mji huu hadi alipofariki mwaka 2003. Penye ngoma na jukwaa pana spika na amplifaya, na penye spika zinazopigwa na upepo wa bahari hapakosi kazi ya kuzitengeneza.

Yupo basi, katika moja ya vichochoro vya mji huo, mzee ambaye hana kibao mlangoni. Jina lake halina haja hapa, kwa kuwa kila mji wa pwani hii umepata kuwa na mtu wa kazi yake. Chumba chake kina meza moja, dirisha moja, na mashine zilizokufa kuanzia sakafuni hadi darini. Asiyejua huziita takataka. Yeye huziita ghala. Rekoda moja kubwa ya rili, ya aina iliyotumiwa na studio, aliipata ikiwa haina mota; ya pili ilikuwa na mota lakini vichwa vyake vimelika; ya tatu iliangushwa ikapinda, ila vichwa vyake vilikuwa vizima. Maiti tatu zikazaa mashine moja iliyo hai. Skrubu zilizobaki zimo katika makopo ya maziwa, kila kopo na kipimo chake.

Kanuni yake ya kwanza huwashangaza wateja: mashine iliyolala miaka mingi haichomekwi kwenye umeme ili kuonwa kama inafanya kazi. Ndani yake mna kapasita ambazo maji yake ya dawa yamekauka, na nyingine za karatasi, zilizozibwa kwa plastiki, ambazo ganda lake hupasuka likaruhusu unyevu kuingia. Zikipata umeme wa ghafla hutoa moshi mzito wenye harufu mbaya, na mara nyingine huondoka na kilicho jirani yao. Kwa hiyo yeye hufungua kwanza, hutazama, hunusa. Kisha huipitishia mashine umeme kwa njia ya balbu ya kawaida, ile ya waya wa kuungua, iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, pana mahali umeme unavuja. Ikipepesa kisha ikafifia, mashine inaweza kupewa imani kidogo. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kabisa, na kimeokoa mashine nyingi za thamani.

Baada ya hapo ni subira. Gurudumu la mpira linaloubana utepe kwenye mhimili wa chuma huwa limegeuka ama jiwe ama ulimbo. Shaba imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa. Vifundo vya sauti vinakwaruza. Vichwa husafishwa kwa pamba na spiriti, kisha huondolewa sumaku iliyobaki, kwa sababu kichwa chenye sumaku yake mwenyewe huifuta kanda kidogo kidogo kila kinapoisoma.

Hapa hulijia swali ambalo vijana wa studio humwuliza mara kwa mara: maadamu anafungua, kwa nini asibadilishe kila kitu, mashine ikawa mpya? Transista za zamani zina uvumi. Za leo ni tulivu. Yeye hubadilisha baadhi na huacha nyingine. Kapasita ya kichujio cha umeme hubadilishwa bila majonzi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mvumo tu. Sehemu zilizowekwa ili kuipa sauti mizani yake, baina ya nene na nyembamba, hupimwa kwanza, na ikiwa zingali katika kipimo cha kiwandani huachwa. Mafundi wa majahazi wa pwani hii wanaijua hekima hiyo. Ubao uliooza hutolewa na kalafati hutiwa upya, na baada ya miaka thelathini huenda usipatikane ubao hata mmoja wa awali, lakini umbo halikuguswa, na kila nahodha akilishika sukani hulitambua jahazi lake. Mfasiri wa mashairi naye yumo katika safari hiyo hiyo: maneno yote hubadilika, na kazi yake yote ni kujua ni kipi, kikibadilika, shairi litakuwa limekufa.

Siku moja alifika kwake mwanamke wa makamo kutoka upande wa Saadani, amebeba rili tatu zilizofungwa ndani ya khanga.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umebeba nini?”

“Nimembeba baba. Alikuwa akighani tenzi. Alirekodiwa na ndugu yake, sisi tungali wadogo. Nataka nimsikie leo.”

“Leo hutamsikia,” mzee alimjibu. “Ukitaka kumsikia leo, huenda ukamsikia mara moja tu.”

Hakuwa akimtisha. Aliichukua rili ya kwanza akaipeleka puani. Ilikuwa na harufu ya siki. Akaielekeza dirishani, na mwanga ukapenya katika tabaka za utepe kama unavyopenya katika chai isiyo na maziwa. Hiyo ni dalili ya aseteti, plastiki ya zamani zaidi, ambayo ikianza kuoza hutoa siki, hukakamaa na kukatika. Rili ya pili na ya tatu hazikupitisha mwanga: hizo zilikuwa poliesta. Lakini alipouvuta utepe wa rili ya pili kwa ncha ya kidole, haukuachia sawasawa. Ulishikana na tabaka la chini yake. Gundi ya kanda nyingi zilizotengenezwa baina ya miaka ya 1970 na 1980 hunywa unyevu wa hewa hata ikageuka nata. Ikipitishwa kwenye mashine katika hali hiyo, unga wa chuma hubanduka ukabaki kwenye vichwa, na unaobanduka si uchafu. Ni sauti yenyewe.

Dawa ya unata huo ni joto la chini la muda mrefu, kiasi cha nyuzi 50 hadi 55 kwa muda wa saa nane au zaidi, likiwa thabiti. Gundi hukaza tena, na mwenye kanda hupata wiki chache za kuinakili kabla haijalegea upya. Lakini dawa inayoiponya poliesta huiua aseteti. Ndiyo maana mzee alinusa na kutazama kabla ya kusema lolote. Aliiweka rili ya pili peke yake ndani ya sanduku la mbao lenye balbu, feni ndogo na kipimajoto, akakaa karibu nalo mchana kutwa, akiombea umeme usikatike. Rili ya aseteti aliizungusha polepole kwa mkono, akiunga vipande vilivyokatika kimoja baada ya kimoja. Katika rili hiyo zilipotea beti kadhaa za mwanzo, mahali utepe ulipojikunja hadi ukawa kama jani kavu. Hakumficha mwenyewe. Alimwonyesha.

Mwanamke yule aliporudi, mambo mawili yalitokea ambayo hayamo katika kitabu chochote cha ufundi wa rekoda.

La kwanza lilihusu vina. Sauti ilitoka, lakini imefunikwa kama ya mtu aliyejitanda shuka usoni. Herufi za s na sh hazikutofautiana, na utenzi ambao vipande vitatu vya kwanza vya ubeti mmoja vyatakiwa kuishia kwa sa na vya mwingine kwa sha ulisikika kama una kina kimoja. Mashine iliyoirekodi kanda ile ilikuwa na kichwa kilichoinama kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kichwa cha mashine ya mzee kilisimama wima. Hapo fundi hana budi kukiinamisha cha kwake kifanane na kile cha zamani. Alishika bisibisi ndogo, akageuza skrubu ya kichwa chini ya robo ya mzunguko, akasita, akarudisha kidogo. Ghafla s ikawa s na sh ikawa sh. Utenzi ukasimama.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mwanamke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema: “Maneno ni yake. Sauti si yake. Baba hakuwa na sauti nyembamba hivi.”

Kijana mwenye haraka angemwambia kwamba miaka mingi imepita na kwamba kumbukumbu hupotea. Mzee alimwamini. Rekoda ndogo za betri zilikuwa na tabia moja: betri zikichoka, mota huzunguka polepole, na kilichorekodiwa polepole kikipigwa kwa mwendo ulio sahihi hutoka upesi na chembamba. Kanda iliyorekodiwa kwa umeme wa nyumbani mara nyingi hubeba mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde, na fundi akiupima mvumo huo hujua mwendo ulikuwa kiasi gani. Kanda ya betri haina mvumo huo. Haikuwapo mita chumbani mle ambayo ingeweza kusema sauti ya marehemu ilikuwa nene kiasi gani. Alikuwapo binti yake tu. Basi mzee alishika kifundo cha mwendo akakirudisha taratibu, naye akawa akitikisa kichwa: bado, bado, umepita, rudi. Halafu akanyamaza. Mzee naye akauondoa mkono wake kwenye kifundo, na utenzi ukaendelea hadi mwisho bila ya mtu kusema neno.

Katika tukio hilo dogo imo hoja nzima. Kuitoa sauti ya kale kwahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: kanda ambayo haijafa, mashine iliyofufuliwa pamoja na fundi wake, na mtu anayekumbuka. Kimojawapo kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Nchi nyingi zimejitahidi kwa lile la kwanza. Kwa lile la pili, UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti, IASA, zilitoa hadhari mwaka 2019 kwamba kufikia mwaka 2025 hivi ingekuwa vigumu mno kuzihamisha kanda kwa wingi, kwa sababu mashine na spea zinakwisha na mafundi wanaondoka. Mwaka huo umekwishafika. Kuhusu la tatu hapakutolewa hadhari yoyote, kwa kuwa wanaokumbuka hawaingii katika orodha za vifaa.

Wapo watakaosema kwamba dijitali imemaliza shida. Dijitali ni neema, na aliye na kanda asichelewe kuinakili. Watunzaji wa nyaraka wamekubaliana kwamba nakala iwe na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na kina cha biti 24, wala isisagwe kuwa faili dogo la kutumiana kwa simu. Lakini dijitali hunakili kile inachopewa. Ikipewa kichwa kilichoinama, itahifadhi milele utenzi usio na vina. Ikipewa mwendo wa haraka, itahifadhi milele mtu ambaye hakuwapo. Makosa yaliyokuwa ya muda katika mashine hugeuka ya kudumu katika faili, na wajukuu watakaolifungua hawatakuwa na wa kuwaambia, “Bado, rudi.”

Mzee wa Bagamoyo anaye mjukuu wa kike ambaye mikono yake imezoea simu za viganjani. Anajua kulehemu kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kazi ambayo macho ya babu yake hayaiwezi tena. Alipoulizwa na jirani kwa nini hasomi kitu chenye fedha zaidi, alijibu kwamba simu huja kwake ili mtu apate kusema, na rekoda huja kwa babu ili mtu apate kusikia, na kwamba wanaotaka kusema wamekuwa wengi. Huyo anajifunza. Ni mmoja, na pwani ni ndefu.

Vyuo vya sanaa na vya ufundi vya Mrima na visiwani, maktaba na idara za redio, vyaweza kumfanya asiwe mmoja. Gharama yake si jengo jipya. Ni meza, mwalimu ambaye angali hai, mashine mbovu ambazo leo zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na vijana wachache wenye subira. Na kila mwenye rili kabatini anaweza kufanya lake pasi na kusubiri serikali: aiweke kanda pakavu mbali na jua, asiichomeke katika mashine yoyote aliyoiokota, na aandike leo katika kipande cha karatasi ni nani anayeghani humo, ni wapi, na ni nani katika ukoo ambaye bado anaikumbuka sauti yake. Kisha amwendee mtu huyo kwanza, kabla ya kumwendea fundi.